Nguzo ya Zéphirin Katika Bustani ya Makumbusho

Siku hizi mgeni akifika Kisangani hupelekwa maporomokoni akapige picha na kumwachia mtu chochote mkononi, lakini katika miaka ile ya hamsini, mji ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville, mtu asiye na nguzo yake mle majini hakuweza hata kukanyaga mwamba bila kuulizwa ni mtoto wa nani.

Nataka kuandika habari za mtu aliyeulizwa swali hilo juu ya mwamba wa baba yake mwenyewe.

Aliitwa Zéphirin. Alikuwa Mgenia, mvuvi wa maporomokoni, Mkristo wa misheni kama wengi wao. Mimi si wa kwao. Sisi ni Waislamu, wajukuu wa watu waliokuja na misafara ya biashara, na kazi yangu ilikuwa useremala. Lakini mke wake, Clothilde, ndiye aliyemletea mama yangu samaki wa kukausha, na Zéphirin alikuwa na tabia ya kuja kukaa kwenye karakana yangu akizikosoa kazi zangu, ingawa hakujua randa inashikwa upande gani. Nilimpenda kwa sababu hakuwa na haya. Alicheka kwa sauti mahali ambapo sisi wengine tulichekea moyoni.

Ni lazima nieleze kwanza jinsi mahali pa kuvulia palivyokuwa, maana vijana wa leo hawajui, na wazee wanaojua wanaona aibu kusema.

Mwamba wa maporomoko una matundu. Maji yakipungua, wanaume hushuka na magogo marefu, huyasimamisha ndani ya matundu yale na kuyafunga kwa kamba za mwituni mpaka litokee jukwaa juu ya maji yanayonguruma. Kwenye jukwaa hilo hutundikwa migono, yaani vikapu vya kutegea samaki, vyenye mdomo mpana kuliko mlango wa nyumba. Maji yakijaa, mto huchukua karibu kila kitu, na msimu unaofuata kazi huanza upya. Sasa, katika ukoo wa Zéphirin nguzo ya kwanza haikusimamishwa kimya. Mwenye mahali aliishika kwa mikono miwili, akataja jina la marehemu aliyemwachia, akamwambia: njoo usimame hapa, mimi niko hapa. Hilo waliliita kuita nguzo. Ukishaita, mahali ni pako mpaka maji yajae tena. Na mtu haiti mara mbili katika msimu mmoja, kwa kuwa marehemu mmoja hasimami mahali pawili.

Zéphirin aliachiwa mahali pazuri na baba yake, karibu na ukingo wa kushoto, ambapo maji hujipinda kabla ya kuanguka. Baba yake alifia hapo hapo. Kamba ilikatika, mto ukamchukua, hawakumpata. Kwa hiyo Zéphirin alipoita nguzo hakuwa anamwita mtu aliyelala kaburini. Alimwita mtu aliyekuwa mle mle majini. Clothilde aliniambia kwamba kila msimu, siku ya kuita, mumewe hakula asubuhi wala hakusema na mtu.

Makumbusho yalianzishwa na Madamu Simone, mke wa daktari mmoja Mbelgiji. Alipewa ghala la zamani la pamba karibu na ukingo wa mto, akalipaka chokaa, akaniita mimi nitengeneze rafu na makabati ya vioo. Akajaza humo ngoma, visu, vinyago, vyungu, pembe, mitumbwi midogo, na chumba kizima cha picha zilizochorwa na wanafunzi wa misheni. Sikatai kwamba alipenda vitu vile. Alivifuta vumbi mwenyewe. Kila mwaka, mwezi wa Desemba, alifanya sikukuu bustanini: watu wa vijiji waliitwa kucheza ngoma, kufinyanga, kurusha mishale. Wazungu walikaa mbele kwenye viti, nyuma yao makarani na walimu wetu wenye tai, na sisi wengine tukasimama nyuma ya kamba tukila karanga.

Mwaka wa 1954 Madamu alitaka kuwaonyesha wageni uvuvi wa maporomokoni. Akachukua vijana wa mjini, wengi wao wapagazi wa bandarini, akawavika magome ya miti, akawapa mgono mmoja waubebe kuzunguka bustani huku wakiimba. Zéphirin alikuwa amesimama karibu nami. Alianza kucheka kidogo kidogo, kisha akaegemea bega langu, kisha akapiga magoti.

Madamu akaja mpaka kwenye kamba. Alijua Kiswahili, kile cha kuagizia wapishi.

"Weye, nacheka nini?"

"Madamu, nisamehe. Ile batu inabeba mgono kama vile inabeba mama-mkwe mulevi."

Watu wakaangua kicheko. Hata karani mmoja mwenye tai alicheka, akajifanya anakohoa. Madamu uso ulimwiva, lakini hakuondoka.

"Bon. Mwaka kesho utafanya weye. Lakini kweli-kweli. Kama iko mtoni. Mimi sitaki mchezo."

"Mchezo mimi siwezi, Madamu," Zéphirin akasema. "Mimi niko mugenia."

Nilimwona alivyonyoosha mabega. Laiti angelitema mate chini akaenda zake.

Mwaka uliofuata alifanya kama alivyoahidi. Madamu alileta mawe makubwa ya mtoni kwa lori, yakapangwa bustanini, yakaachwa matundu katikati. Zéphirin alikwenda msituni mwenyewe kuchagua magogo. Alikuja na ndugu zake wa kuvuta kamba, mmoja wao Célestin, mtoto wa baba yake mkubwa, kijana mpole asiyekuwa na mahali pake mtoni, aliyekuwa akivulia pembeni pa jukwaa la Zéphirin na kupewa sehemu. Na Papa Cyprien alialikwa pia. Huyo alikuwa baba mdogo wa Zéphirin na mkubwa wa ukoo wao; yeye ndiye aliyeamua nani anavulia wapi. Alipewa kiti safu ya pili. Alikuja na kofia ya jua, akaivua na kuiweka magotini.

Nilikuwa pale, nilikuwa nimetengeneza jukwaa la wageni. Maji ya mto yalikuwa yamejaa siku hizo, sauti ya maporomoko ilifika mpaka bustanini. Wakaliinua gogo la kwanza. Likaingia katika tundu lake. Zéphirin akalishika kwa mikono miwili, akanyamaza. Kila mtu akangoja. Madamu akasema taratibu, kwa namna ya kumtia moyo, "Sema. Sema ile munasemaka."

Akasema. Alilitaja jina la baba yake, sauti yake ikabadilika, akamwambia aje asimame pale. Makarani waliokuwa wananong'ona wakaacha. Kisha akapanda juu ya gogo kama paka, akaanza kufunga kamba, na watu wote wakapiga makofi, Wazungu na sisi, mimi pamoja nao.

Nilipogeuka, kiti cha Papa Cyprien kilikuwa kitupu. Sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, na nyama iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili yake ililiwa na mtu mwingine.

"Tonton amekwenda kukojoa," Zéphirin akaniambia, maana ndivyo alivyomwita baba yake mdogo. "Uzee." Alikuwa anatoka jasho na anacheka. "Fundi Alfani, uliona? Sasa batajua mgono ni nini."

Maji yalipopungua, wakati wa kusimamisha nguzo ulifika, Zéphirin akashuka mtoni na gogo lake begani. Habari hii nilipewa na watu wengi, na wote waliisimulia namna moja. Alimkuta Célestin amesimama juu ya mwamba wa mahali pa baba yake, macho chini. Papa Cyprien alikuwa ameketi katika mtumbwi uliofungwa kando.

"Célestin, sogea, nipite."

Célestin hakusogea. Papa Cyprien ndiye aliyesema. "Weye uko mutoto ya nani?"

Zéphirin alidhani ni mzaha wa pombe. "Tonton, lotoko asubuhi hii? Mwachie na mama Clothilde kidogo."

"Nauliza. Uko mutoto ya nani?"

Akalitaja jina la baba yake.

"Yule alisimama wapi, ulipomwita?"

Hapo ndipo alipoelewa. Watu wanasema aliweka gogo chini polepole sana.

"Tonton, ile ilikuwa ya makumbusho. Ilikuwa kuonyesha bazungu. Pale hapana maji! Mahali bila maji iko mahali gani? Ni majani tu, batu banakula karanga. Ilikuwa mchezo."

"Mchezo," Papa Cyprien akasema. "Alors, ulimwita kaka yangu kwa mchezo? Mbele ya batu, na makofi? Kama ni mchezo, sema sasa, batu wote basikie, tujue mutoto gani anacheza na baba yake aliyekufa. Huyo hatapata mahali tena mpaka tumzike. Na kama si mchezo, basi mahali yako iko kule. Alikuja. Mimi nilikuwa pale, nilimsikia anakuja. Iko anakungoja kule kwenye majani."

Zéphirin, asiyeweza mchezo, angesema nini? Alipoita bustanini aliita kwa moyo wote, kwa sababu kusimamisha nguzo ya baba yake kimya kimya au kwa maneno ya uongo kulimchukiza kuliko kitu chochote. Alikuwa amejiambia tu kwamba maneno bila maji hayashiki. Hilo ndilo kosa lake lote.

Watu wananiuliza kama Papa Cyprien alikuwa na njama, apate kumpa Célestin. Wanauliza hivyo kwa sababu leo kila kitu ni njama. Mimi nilimwona mzee yule wiki hiyo, amekaa mbele ya nyumba yake, chakula kimepoa mbele yake, macho mekundu. Hakutaka mahali pale pachukuliwe na mtu mwingine. Aliamini alichosema. Hata njia ya kurudi alimpa: nguzo ing'olewe bustanini, nzima, tangu mguu mpaka kichwa, mwenye ardhi, yaani Madamu, aishike na kumkabidhi Zéphirin kwa mkono wake, Zéphirin aipeleke mtoni na kusema amemrudisha baba yake nyumbani. Lakini yote hayo yafanyike kabla maji hayajajaa tena. Maji yakijaa, mahali ni pa Célestin na watoto wake.

Zéphirin na Clothilde walikuwa na mtoto wa kiume, ndiyo kwanza anaanza kutembea. Kwa hiyo haikuwa habari ya msimu mmoja tu.

Alikwenda kwa Madamu siku ile ile, na mimi nikaenda naye, kwa kuwa alisema ulimi wake unawaka na angeweza kusema vibaya. Madamu alitupokea vizuri. Alitupa maji ya limau. Zéphirin akaeleza taratibu, kofia mkononi. Madamu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgusa mkono.

"Lakini, Zéphirin, yako ya kweli iko mtoni. Hii ya hapa iko mufano tu."

Nilimtazama mama yule. Hakuwa anadhihaki. Kwake yeye mambo hayo mawili yalikaa vizuri pamoja: kwamba ifanywe kweli-kweli, na kwamba ni mfano tu.

Akasema kuna mkubwa anakuja kutoka Léopoldville, mji mkuu, kutazama makumbusho, na jukwaa lile ndilo kitu cha kwanza atakachoonyeshwa. Akishaondoka, Zéphirin achukue magogo yake yote. Alitoa neno lake. Basi tukangoja mkubwa wa Léopoldville. Aliahirisha mara moja, akaahirisha tena. Miezi ya uvuvi ikapita, Célestin akipandisha samaki. Kila alasiri Zéphirin alishuka ukingoni, akatazama alama ya maji kwenye jiwe, akarudi akapita karakanani kwangu bila kuketi.

"Yamepanda?" nilikuwa nauliza.

"Bado." Kisha siku moja akasema, "Kidogo."

Mkubwa alikuja hatimaye. Nasikia alikaa bustanini muda wa kuvuta sigara moja. Kesho yake Madamu akatuma mtu: njooni mchukue. Sikatai tena, alitimiza neno. Alikuja mwenyewe na glavu za bustanini, tayari kuishika nguzo na kuitoa mkononi mwake kama mzee alivyotaka, na akamwomba Zéphirin amwonyeshe aishike vipi.

Zéphirin akalikumbatia gogo, akalitikisa. Halikutikisika. Akalitikisa tena, mishipa ya shingo imemtoka. Nikainama nikatazama kati ya mawe. Matundu yote yalikuwa yamejazwa simenti.

"Ah, oui," Madamu akasema. "Kwa sababu ya bageni. Isianguke juu ya bageni."

Tulipiga simenti ile kwa patasi zangu na kwa nyundo mpaka patasi zikaota meno. Célestin mwenyewe alikuja, bila kuitwa, akapiga pamoja nasi. Mawe yalipasuka, simenti haikuachia. Walikuwa wameimwaga kwa wingi, ikashuka chini ya mawe na kushikana na ardhi. Clothilde alikuja kutoka mtoni, mtoto mgongoni, akasimama nyuma ya ile kamba ya sikukuu ambayo hakuna aliyekuwa ameiondoa. Alisema tu, "Baba ya mutoto, maji imefika kwenye jiwe."

Hapo Zéphirin akachukua shoka. Nilimwambia, "Ndugu, alisema nzima." Akaniambia nisogee. Akalikata gogo pale lilipoingia ardhini, chini kabisa alivyoweza, akilala ubavu ili shoka lifike. Madamu akalishika na kumkabidhi, kama ilivyotakiwa, na glavu zake. Akalibeba begani, peke yake, akashuka nalo mtoni mbele za watu. Sisi tukamfuata.

Papa Cyprien alikuwa ukingoni. Alilizunguka gogo, akatazama mwisho wake, pale shoka lilipopita. Mti ulikuwa bado mweupe. Alipitisha kiganja pale.

"Mguu iko wapi?"

"Tonton..."

"Mguu, Zéphirin."

"Imebaki."

Mzee akavua kofia yake. "Basi na yeye amebaki," akasema, akaingia nyumbani kwake, na mlango ukafungwa mchana kweupe. Maji yalikuwa yanapanda juu ya mwamba. Msimu ulikuwa umekwisha.

Kilichofuata sipendi kukisimulia kwa urefu. Madamu, kwa huruma, aliagiza gogo jipya likafungwa mahali pa lile, na akampa Zéphirin kazi. Kila Jumapili alivaa magome ya miti, akapandisha mgono mtupu juu ya majani na kuushusha, akapandisha na kushusha, na watoto wa Wazungu wakapiga makofi. Hakucheka tena. Madamu aliniagiza nichonge kibao cha Kifaransa, na maneno yake, kwa Kiswahili, ni haya: Hivi ndivyo Wagenia walivyovua zamani. Zamani! Na maporomoko yalikuwa yananguruma pale pale, na Célestin yuko juu ya nguzo. Célestin alileta samaki kila alipopata, sehemu kubwa, akawaacha mlangoni. Clothilde aliwapika. Mumewe alikula wali wake mkavu, pembeni.

Leo hakuna aiitaye nguzo kwa namna ile. Anayetaka anafunga anapotaka, na anayelipwa na wageni anapanda hata kama maji hayana samaki. Nawasikia vijana wakisema desturi zile zilikuwa za kikatili. Ndiyo, zilikuwa. Desturi ile ilimmeza mtu mzima mzima, na mimi nilimwona akimezwa. Lakini ilimjua jina, yeye na baba yake, na ikamuuliza swali ikangoja jibu. Nani anayewauliza ninyi kitu?

Mara ya mwisho nilimwona Zéphirin mwaka wa 1958, asubuhi, kwenye kituo cha malori yaendayo mashariki. Nilikuwa nimekwenda kupokea mbao. Alikuwa anahamia Bafwasende, kwenye machimbo ya dhahabu, ndani msituni. Clothilde alikuwa tayari juu ya magunia ya chumvi, amejifunika khanga kichwani, mtoto amelala mapajani mwake. Alinisalimu kwa mkono. Zéphirin alikuwa amesimama juu ya mzigo, anamtukana utingo.

"Hii iko fundo? Hii ulifundishwa na dada yako? Mzigo itaanguka kabla ya kuvuka mto Tshopo, na sisi juu yake!"

"Papa, mimi nafunga malori tangu mudogo," utingo akasema.

"Ndiyo maana barabara imejaa magunia. Lete hapa."

Akamnyang'anya kamba, akaifungua yote, akaanza kuifunga upya, akiivuta kwa mguu mmoja uliokanyaga ubao. Nikamwita. Akasema, "Ngoja, Fundi, ngoja nimalize hii," bila kuinua kichwa. Dereva alikuwa amechoka kungoja, akawasha gari. Lori lilijivuta, likaingia barabarani, na yeye alikuwa bado ameinama, anafunga.